Ua wa Nyumba na Ua wa Bahari

Nyumba ya Mswahili haihesabiwi kuwa imetimia mpaka iwe na ua. Humo uani ndimo mama apikapo, afuapo na kuzungumza na wenziwe bila ya jicho la mpita njia kumfikia. Ua ni sitara, na sitara ina daraja kubwa katika dini yetu. Lakini dini hiyo hiyo imetufunza kwamba Muislamu hajidhuru wala hamdhuru mwenziwe. Yafaa basi tujiulize: ua unaotusitiri sisi, umemwacha nani wazi?

Tangu zama za wazee wetu, nguzo za nyua na boriti za dari za miji yetu ya pwani zilitoka katika mikoko. Wajuzi waliigawanya miti hiyo kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na majahazi yaliipeleka hadi Uarabuni. Ni miti migumu, isiyoliwa na mchwa kwa urahisi. Lakini mkoko ungali shambani mwake nao ni ua. Mizizi yake huvunja nguvu za mawimbi yasiule ufuo, na chini ya kivuli chake samaki na kamba wachanga hulelewa kabla ya kwenda baharini. Panapofyekwa mikoko ovyo, anayekosa kitoweo ni mvuvi na watoto wake.

Takriban asilimia 60 ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Mwaka 2018, Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, familia nyingi za huko zilizotegemea kazi hiyo zilipata dhiki. Kwa hivyo lawama haimwelekei mkataji peke yake. Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko, na fedha zipatikanazo katika biashara ya kaboni zimewaletea maji na kuzisaidia shule zao.

Fundi anapokuja kupima ua, mama wa nyumba asione haya kumwuliza: Miti hii imetoka wapi? Ikiwa ni mikoko, ina kibali cha idara ya misitu? Je, hatuwezi kutumia mvinje? Mivinje hupandwa na wakulima wa Kilifi na Kwale kama zao la shamba, hukua upesi, na aikataye huweza kuipanda tena.

Swali la nne ni muhimu zaidi kwa afya ya jamaa: miti hii imetiwa dawa gani? Nguzo na mbao nyingi za nje zenye rangi ya kijani kilichofifia zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Dawa hiyo huzuia mchwa na kuoza, na nguzo ikisimama mahali pake hufanya kazi yake. Hatari iko katika vipande vinavyobaki. Visitiwe jikoni kamwe. Vikichomwa, sumu hupanda na moshi, na nyingine hubaki katika majivu. Na majivu hayo ndiyo baadhi yetu husugulia sufuria au kumwagia mboga. Watoto wasichezee unga wa msumeno wa mbao hizo, na vipande vyake visigeuzwe mbao za kukatia nyama.

Wako pia wanaopaka nguzo oili chafu ya magari ili kumfukuza mchwa. Oili hiyo hushuka ardhini pamoja na mvua, na ardhi yetu ya mawe ya matumbawe hupitisha maji upesi. Nyumba yenye kisima uani itakuja kuinywa. Ni bora nguzo isimamishwe juu ya kisiki cha saruji kilichoinuka kidogo, ishikwe kwa bamba la chuma, isiguse udongo. Vivyo hivyo kwa ukumbi wa mbao: ukiinuliwa juu ya mawe na kuachiwa upepo kupita chini yake, utadumu zaidi.

Aliye na nafasi na subira, ua ulio bora ni ule unaoota. Mhina hupandwa kwa vipandikizi wakati wa masika, hustahimili kukatwa, na majani yake hayakosi kazi siku za harusi na Idi. Mnyaa nao hushika upesi, ila utomvu wake huchoma macho, kwa hivyo usipandwe wanapocheza watoto. Miche inapokua, makuti ya kumba yatatosha kusitiri, na yakichakaa hurudi kuwa mbolea. Mtume wetu (S.A.W.) ametubashiria kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake.

Tusimsahau jirani. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kumzuia jirani yake kuchomeka boriti katika ukuta wake. Majirani wawili wakikubaliana ua mmoja katikati, miti itapungua nusu na gharama pia, na mapenzi yatazidi. Wazungumze kabla fundi hajaanza kuchimba.

Mwenyezi Mungu atusitiri sote, na ajaalie sitara yetu isiwe madhara kwa viumbe vyake. Amin.