Kivumbasi, tulsi na kinywa cha mchimbaji

Mvua za vuli zikishashika hapa Segese, Msalala, kivumbasi huchipua chenyewe kando ya njia, kwenye mipaka ya mashamba na katika viwanja vilivyoachwa wazi. Ni majani ambayo karibu kila nyumba ina kazi nayo. Wengine huyaning'iniza dirishani kufukuza mbu, wengine huyachemsha mtoto akiziba pua, na mtu aliyekesha kwa jino huyatafuna upande unaouma na kutulia kidogo. Siku hizi ndugu yake kivumbasi naye amefika madukani: tulsi, mrehani ambao Wahindu huuheshimu na kuupanda nyumbani. Huuzwa kama chai, kama mafuta kwenye vichupa na kama dawa ya meno, na karatasi iliyobandikwa juu yake huahidi kutibu karibu kila maradhi yanayompata binadamu.

Wakazi wa Msalala, Kahama na Geita wanastahili jibu la wazi kuhusu majani haya, kwa sababu ukanda huu wa dhahabu una matatizo ya kinywa ambayo sehemu nyingi za nchi hazina. Kwa maoni yangu jibu lina pande mbili. Majani yana nguvu ya kweli. Nguvu hiyo hiyo, ikitumiwa pasipo kujua kinachouma, inaweza kumnyamazisha mtu ambaye mwili wake unamwita aende hospitali.

Tulsi kwa jina la kitaalamu ni Ocimum tenuiflorum, ingawa vitabu vingi bado huuita Ocimum sanctum. Mrehani wa kawaida, ambao wanawake wa pwani huupenda kwa harufu, ni Ocimum basilicum. Kivumbasi ni jina ambalo watu hulitumia kwa aina zaidi ya moja za jamii hiyo hiyo, hasa Ocimum gratissimum, ambayo zamani iliitwa Ocimum suave, na Ocimum kilimandscharicum, yenye harufu kali ya kafuri na iliyopewa jina la Mlima Kilimanjaro. Zote ni za ukoo mmoja na nanaa. Ukifikicha jani kati ya vidole, harufu inayopanda ni mafuta mepesi yanayohifadhiwa kwenye vijifuko vidogo mno juu ya jani, na dawa inayozungumzwa kwa sehemu kubwa imo humo.

Katika mafuta hayo, kemikali yenye sifa kubwa kuliko zote inaitwa eugenoli. Watanzania tunaifahamu hata kama hatujawahi kusikia jina lake, maana ndiyo inayoipa karafuu ya Pemba na Unguja harufu yake na ule ukali unaotia ganzi ulimi. Mwaka 1981 Chogo na Crank walichapisha uchambuzi wao wa Ocimum suave ya Tanzania, na eugenoli ikawa miongoni mwa waliyoyakuta. Mwaka 2010 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, walichapisha uchambuzi wa mafuta ya aina nne za jamii hii zinazoota nchini, na ikaonekana kwamba kila aina ina mchanganyiko wake. Kwa hiyo majani mawili yanayoitwa kivumbasi, moja limechumwa Segese na jingine Moshi, yanaweza kufanya kazi tofauti kabisa mdomoni.

Eugenoli hufanya mambo mawili yanayomhusu mgonjwa wa meno. Kwanza huzuia mishipa ya fahamu kupeleka taarifa ya maumivu, ndiyo maana jino hutulia. Pili hutoboa utando wa nje wa bakteria, wakavuja na kufa. Madaktari wa meno hawakuidharau. Kwa zaidi ya karne moja wamekuwa wakiichanganya na unga wa oksidi ya zinki kupata saruji laini ya kuziba jino kwa muda, na ile harufu ya karafuu inayokupokea kwenye chumba cha meno mara nyingi hutoka humo.

Je, tulsi yenyewe imepimwa? Imepimwa, hasa India. Mwaka 2010 watafiti waliijaribu maabara dhidi ya Streptococcus mutans, bakteria anayekula sukari mdomoni na kutoa asidi inayotoboa meno, na dondoo ya tulsi ilimzuia kukua. Jaribio lililonivutia zaidi ni la mwaka 2014. Wanafunzi 108 wa udaktari waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilisukutua kwa maji ya tulsi, jingine kwa klorheksidini, ambayo ni dawa ya kusukutua inayotumika sana hospitalini, na la tatu kwa maji ya chumvi ya hospitali. Baada ya siku 30, tulsi ilikuwa imepunguza utando wa meno na uvimbe wa fizi sawasawa na klorheksidini. Kwa mmea unaoweza kuota kwenye kopo nje ya mlango, hilo si jambo dogo.

Kwa mwili mzima, ushahidi upo lakini ni mwembamba. Mwaka 1996 jaribio la wagonjwa wa kisukari aina ya pili lilionyesha kwamba sukari yao kabla ya kula ilishuka kwa asilimia 17.6 walipotumia majani ya tulsi, ikilinganishwa na majani yasiyo na dawa. Mwaka 2017 wataalamu wawili walikusanya tafiti 24 zilizofanywa kwa binadamu kuhusu tulsi, na nyingi zilikuwa na matokeo mazuri kwa sukari, msongo wa mawazo na kinga ya mwili. Kasoro ni kwamba nyingi zilikuwa ndogo na za muda mfupi, na kila moja ilitumia dozi yake. Hakuna daktari makini atakayekuachisha dawa za kisukari au za presha kwa ushahidi wa namna hiyo, na muuzaji anayekwambia uziache anahatarisha maisha yako.

Kwa jino lenye tundu, majani yana kikomo ambacho hakivukiki. Asidi ikishatoboa gamba la jino na kufika kwenye kiini chenye mishipa, hakuna jani linaloweza kuurudisha ukuta uliobomoka. Maumivu yanaweza kukoma kwa wiki nzima kwa sababu kiini kimekufa, huku usaha ukiendelea kukusanyika chini ya mzizi. Mgonjwa husema dawa imemponya. Akirudi, shavu limevimba, taya halifunguki, na ugonjwa ambao ungemalizwa kwa kuziba jino sasa unahitaji kulazwa.

Lakini kinachotutofautisha sisi wa ukanda huu ni zebaki. Kwenye miyalo, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha, huchanganya mchanga na zebaki ili inase dhahabu, kisha huchoma donge hilo ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Kati ya kila sehemu kumi za mvuke zinazovutwa, karibu nane hubaki mwilini kupitia mapafu. Watafiti waliowapima watu wa Rwamagasa, Geita, mwaka 2003, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010, walikuta kwamba wachomaji ndio walioathirika zaidi.

Kinywa ni miongoni mwa sehemu za kwanza kutoa taarifa. Fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoa damu. Mate hujaa kupita kawaida. Mtu huhisi ladha ya chuma hata akila ugali na dagaa. Vidonda hutokea ndani ya mashavu, na meno yaliyokuwa imara huanza kulegea. Baadaye mikono hutetemeka, usingizi hupotea, hasira huja bila sababu. Madaktari wa Ulaya waliyaona haya karne nyingi zilizopita, walipokuwa wakitibu kaswende kwa zebaki. Waliyatazama mate yaliyomwagika kwa wingi wakaamini ni sumu ya ugonjwa inayotoka, kumbe sumu waliitia wao.

Sasa mfikirie mama anayechomea dhahabu jikoni, kwenye jiko lile lile anapopikia, fizi zikaanza kutoa damu. Anasukutua kwa kivumbasi. Uvimbe unapungua kidogo, kwa sababu bakteria wamepungua, naye anaona hakuna haja ya kwenda popote. Zebaki inaendelea kuingia. Inaingia pia kwa mtoto anayetambaa sakafuni, na kama ana mimba, inapita kwenye kondo hadi kwa aliye tumboni. Tulsi haitoi zebaki mwilini. Kivumbasi hakiitoi, na maziwa ambayo wachimbaji wengi huyanywa kwa imani hiyo hayaitoi pia. Kinachosaidia ni kuacha kuvuta mvuke: kuchomea mbali na nyumba, kutumia chombo kilichofungwa kinachoukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya majimaji, na kuelekea njia za kukamata dhahabu zisizohitaji zebaki kabisa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, kwa hiyo msaada kwa wachimbaji wadogo ni wajibu ambao serikali imejitwisha, na wananchi wana haki ya kuudai.

Meno yenye rangi ya kahawia ni habari nyingine. Sehemu kadhaa za Shinyanga zina visima vyenye madini mengi ya floridi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yenye kiwango kikubwa wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, hutoka na madoa ambayo hayasuguliki kwa jani, mkaa wala ndimu. Mkaa na ndimu huyala meno yenyewe.

Kuna jambo moja linaloniumiza kila ninapolisikia, nalo ni la watoto wachanga. Mtoto akiharisha au kupata homa, wapo watu watakaomwambia mama kwamba ana meno ya nailoni, kisha fizi zake zikasuguliwa kwa majani makali au vijino vinavyoanza kuota vikachokolewa kwa kifaa kisicho safi. Madaktari Kikwilu na Hiza walichapisha utafiti kuhusu desturi hii nchini mwaka 1997, wakitazama yote mawili, ung'oaji na usuguaji wa dawa za mitishamba. Hakuna ugonjwa unaoitwa meno ya nailoni. Ile nundu nyeupe kwenye ufizi ni jino la mtoto linalokuja. Kuhara kunahitaji ORS, zinki na kituo cha afya, na homa inahitaji kipimo cha malaria siku hiyo hiyo. Kivumbasi, tulsi wala mafuta ya karafuu visipakwe kwenye fizi za mtoto mchanga. Eugenoli nyingi huunguza ngozi laini ya kinywa, na ikimezwa inaweza kumuumiza mtoto ini.

Kwa mtu mzima anayetaka kutumia majani haya, njia salama si ngumu. Chuma majani mabichi mbali na mwalo na mbali na shamba lililopuliziwa dawa, uyaoshe vizuri, uyatie kwenye maji yanayochemka, kisha ufunike sufuria mara moja na kulitoa jikoni. Kifuniko ni muhimu, kwa sababu eugenoli huruka pamoja na mvuke, na maji yaliyochemka wazi kwa muda mrefu hubaki na rangi ya dawa bila nguvu yake. Acha yapoe, sukutua, tema. Ukiyanywa kama chai, usitie sukari, kwani sukari ndiyo chakula cha wale bakteria unaotaka kuwapunguza. Mafuta ya chupa ni makali sana kuliko jani. Usiyapake yakiwa hivyo hivyo kwenye ufizi. Majani hayachukui nafasi ya mswaki na dawa ya meno yenye floridi asubuhi na kabla ya kulala, maana floridi ndiyo inayoimarisha gamba la jino.

Wanaotumia dawa za kisukari wawe waangalifu, sukari inaweza kushuka mno. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na wanaosubiri upasuaji, wamweleze daktari kwanza. Mjamzito aache dozi kubwa na mafuta ya tulsi, kwa kuwa majaribio ya wanyama yameonyesha athari kwenye uzazi.

Kujifukiza kwa kivumbasi, ambako kulienea sana wakati wa korona mwaka 2020, hulegeza mafua na humpa mtu nafuu ya pua. Mapafu ya anayeponda mawe ni suala tofauti. Vumbi la mwamba lina silika, ambayo huacha makovu yasiyofutika na kukifungulia mlango kifua kikuu. Kikohozi kikifika wiki mbili, makohozi yapimwe, na kipimo pamoja na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Fizi zinazotoa damu zaidi ya wiki mbili licha ya kupiga mswaki, kidonda kisichopona kwa muda huo, utando mweupe mdomoni, jino linalolegea kwa mtu ambaye hajazeeka, uvimbe wa shavu pamoja na homa: yote haya ni ya kupeleka kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya Kahama, Geita au Bugando. Ukifika, usisubiri uulizwe. Mwambie mganga kwamba unachoma dhahabu, au kwamba inachomwa nyumbani kwako, na kwa muda gani. Zebaki hupimwa kwenye mkojo, na hakuna atakayefikiria kuipima kwa mtu aliyesema tu kwamba fizi zinamuuma.