Kijana wako kahamia Mjini: jioni anakaa na nani?

Wasikilizaji wetu wa Makunduchi, Nungwi, Chwaka, na nyinyi wa Pemba mnaotupata, kila tukizungumzia ajira za vijana hewani huja suali lile lile. Kijana akishapata kazi Mjini, na chumba akishapata, baada ya kazi anakaa na nani? Ni suali la haki. Kazini kuna mkubwa wake na kuna daftari la mahudhurio. Wasiwasi wa mzazi unaanza pale anapotoka.

Ofisi za Serikali hufungua saa 1:30 asubuhi na kufunga saa 9:30 alasiri. Kwa hivyo mwalimu au karani ana saa tano, sita za kwake kabla ya kulala. Kwao shamba saa hizo zina shughuli zake: kuna ng'ombe wa kurudishwa, kuna dau linaloingia, kuna shangazi wa kupitiwa. Mjini anafungua mlango wa chumba cha kupanga, anaufunga, anabaki na simu. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo migumu, na kwa tunavyoona sisi, hapo ndipo kijana hupata wenzake wa kweli au huangukia kwa yeyote atakayemwita.

Tuanze na Darajani, maana kila anayeingia Mjini hupitia hapo. Jina lenyewe ni la daraja. Zamani mkono wa bahari ulikata kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Mkono ule ulifukiwa, ikabaki barabara ya Creek, ambayo sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa, na soko lililojengwa mwaka 1904. Mpaka leo mpango wa maisha uko vile vile: vijana wengi wanapanga upande wa Ng'ambo na zaidi ya hapo, Jang'ombe, Kwerekwe, Fuoni, kwa sababu kodi ni nafuu, na jioni wanavuka kuja Mji Mkongwe kutafuta watu. Darajani ndipo wanapoagana na wenzao wa kazini na ndipo wanapokutana na wenzao wa jioni, mara nyingi mbele ya bakuli la urojo.

Wanakwenda wapi? Kwa wanaume, jibu la kwanza ni barazani. Baraza ni lile benchi la mawe au saruji lililojengwa pamoja na ukuta wa nje wa nyumba. Wazee walilijenga ili mwenye nyumba apokee wageni wa kiume bila ya kuwaingiza ndani kwa wanawake, na mvua kubwa ikinyesha vichochoro vikajaa maji watu hupita juu yake. Lakini mtu wa Mjini akisema "nakwenda baraza" hazungumzii mawe. Anazungumzia watu wale wale, saa ile ile, baada ya Alasiri na tena baada ya Isha. Muuza kahawa anapita na dele lake na vikombe, kuna kashata, kuna dhumna, bao, keram au karata. Inayojulikana zaidi ni Jaws Corner, kule Sokomuhogo, iliyopata jina kutokana na filamu ya papa. Pale pana simu iliyotundikwa nguzoni na maandishi kwamba kupiga nje ya nchi ni bure. Wageni huipiga picha. Haijaunganishwa na kitu.

Mtu haombi kuingia baraza. Hakuna fomu, wala hakuna wa kumwambia karibu ujiunge. Anapita, anatoa salamu, siku nyengine anasimama kutazama dhumna, siku nyengine anakunywa kahawa akiwa kimya. Wiki ya tatu ya nne mtu atamuuliza kwao wapi. Akisema Micheweni, hapakosi mwenye mke wa Konde au aliyewahi kufundisha Wete, na hapo kesha kupata pa kukaa. Vijana wanaoshindwa, mara nyingi ni wale wanaokwenda siku moja baraza hii na siku moja ile. Baraza inamjua mtu kwa kurudi.

Faida yake kubwa si mchezo. Siku mbili asipoonekana, ataulizwa. Siku ya tatu mtu atamfuata chumbani, na akimkuta na homa atampeleka hospitali. Mwenye nyumba anayemkusanyia kodi ya miezi sita kwa mkupuo hana sababu ya kujua kama amelala njaa. Ndiyo maana pia tunawaambia vijana, kabla ya kutafuta baraza, wajitambulishe kwa sheha wa pale walipohamia. Ni wajibu wao, na sheha ndiye wa kwanza kuulizwa kukitokea jambo.

Tahadhari moja. Baraza nyingi zina rangi. Nyengine ni za timu, Simba au Yanga au ligi ya Uingereza, na ubishi wake huisha kwa kicheko. Nyengine ni za chama, na maskani nazo zinajulikana ni za nani. Mgeni asikae kwanza halafu ndipo aulize. Wakati wa uchaguzi mtu huhesabiwa kwa pale alipokaa.

Kwa mtoto wa kike mambo ni mengine, na hapa tusijidanganye: baraza si yake. Chukua nesi aliyetoka Pemba akapangiwa Mnazi Mmoja. Kazini ana wenzake, lakini zamu zinabadilika, na leo aliye naye mchana kesho yuko usiku. Wanawake wa Mjini hujuana kwa kutembeleana baada ya Alasiri, kwa maulidi, kwa darsa, kwa mchezo wa kutoleana fedha, na zaidi kwa harusi. Milango hiyo haiko njiani kama baraza. Inataka mtu wa kumshika mkono. Kwa hivyo mama aliyeko shamba ana kazi ya kufanya: kumtafuta jamaa, hata wa mbali, na kumpigia simu amwambie binti yetu yuko Kikwajuni, mpitie. Simu hiyo moja ina kazi kubwa kuliko nasaha nyingi.

Wapo wanaopata wenzao kwa kujifunza kitu. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanza mwaka 1905, iko Kokoni; Culture Musical Club, ya mwaka 1958, iko Vuga. Vilabu hivi vya taarab vinaishi kwa mazoezi ya jioni, na wapigaji wake wengi mchana wana kazi nyengine. Mwaka 2002 kikaanzishwa chuo cha muziki wa nchi za jahazi, ambako vijana, wake kwa waume, hujifunza udi, kanuni na fidla kwa ada. Na asidhani mtu wa shamba kwamba hayo ni ya watoto wa Mjini. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akiuza vyungu, akahamia Mjini mwaka 1911 bila ya kujua kusoma. Mpigaji wa Ikhwan Safaa, Ali Muhsin, ndiye aliyemfundisha kuimba. Wenzake aliokaa nao jioni Ng'ambo, kina Subeit Ambar na Mbaruk Talsam, ndio aliosafiri nao hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri.

Asiyependa muziki ana vikundi vya mazoezi. Vinakimbia alfajiri vikiimba, wanawake wamo, wazee wamo, na tarehe 1 Januari vikundi vyote huwa na siku yao. Gharama ni viatu.

Forodhani ndiko mnakokuona kwenye picha: mishikaki, pweza, juisi ya miwa, watoto wakichupa baharini. Pazuri, hasa tangu bustani ilipotengenezwa upya mwaka 2009. Lakini bei zake zinamtazama mtalii, na kijana anayekula pale kila usiku mshahara hautamfikisha tarehe 20. Mara moja kwa mwezi inatosha, tena kukiwa na mgeni kutoka kwao.

Mwisho, kuhusu wikiendi. Miezi ya mwanzo atapanda gari ya shamba kila Ijumaa. Halafu siku moja atapiga simu kusema wiki hii haji, kuna harusi ya mwenzake. Msikasirike. Muulizeni ni ya nani, na mtaa gani.