Nani Kati Yetu ni Julian?

Nyani haoni kundule, walisema wahenga. Msemo huo umetujia mara nyingi siku hizi tulipokuwa tukifikiri habari ya kitabu kimoja cha vijana, ambacho kimesomwa na watoto wengi sana wa shule katika nchi ya Marekani. Kitabu hicho huitwa Wonder. Kilitungwa na bibi mmoja wa New York, R. J. Palacio, kikatolewa mwaka 2012, na mwaka 2017 kikafanywa filamu. Yaliyotokea baada ya watoto kukisoma ndiyo tutakayo kuyaeleza leo, kwani yana mafunzo kwa kila mwalimu na kila mzazi, hata yule ambaye hajapata kukitia kitabu chenyewe mkononi.

Hadithi yahusu mtoto wa miaka kumi, August Pullman, aliyezaliwa na uso ulioharibika. Amekwisha kupasuliwa na madaktari mara 27, na kwa sababu hiyo hajapata kwenda shule. Mama yake ndiye aliyekuwa akimfundisha nyumbani. Sasa aingizwa darasa la tano katika shule moja ya mji wa New York. Wenzake wazua mchezo: yeyote atakayemgusa August sharti akimbie kunawa mikono upesi, asije akapatwa na tauni. Kiongozi wa maonevu ni kijana aitwaye Julian. Jack, ambaye alikuwa amekwisha kuwa rafiki, amsema August vibaya mbele ya Julian, wala hajui kwamba August yupo papo hapo, amejifunika kinyago cha sikukuu, na kila neno alisikia. Yuko na msichana mmoja, Summer, ambaye siku ya kwanza aliinuka akaenda kula chakula pamoja na August mezani alipoketi peke yake. Hakutumwa na mtu.

Hadithi hiyo yasimuliwa kwa zamu na vijana sita, wakiwamo August mwenyewe, dada yake, Summer na Jack. Julian hakupewa zamu. Twaomba msomaji alishike neno hilo.

Walimu wengi wa Marekani walikichukua kitabu hicho wakakifundisha darasani, na watoto wakakipokea kwa moyo. Ndani yake mna mwalimu ambaye kila mwezi huandika ubaoni wasia mmoja wa kuongoza mwenendo, kisha huwataka wanafunzi watunge wa kwao. Wanafunzi wa kweli nao wakafanya vivyo hivyo. Walituma nyasia zao kwa mwandishi, na nyingine zikachapishwa katika kitabu cha mwaka 2014. Wachapishaji nao walianzisha kampeni ya kuwataka watoto waweke ahadi ya kuchagua wema. Hayo ni mambo ya kupendeza, na hatuna la kuyalaumu.

Lakini likazuka na jambo jingine. Likaenea bango lililowaambia watu watulie, wala wasiwe Julian. Hasira ya watoto twaielewa, kwani Julian aliyatenda mabaya waziwazi. Hata hivyo na tutazame vizuri lililofanyika. Watoto waliokuwa wametoka kusoma juu ya darasa lililomtenga mtoto mmoja, wakiogopa kuguswa naye, sasa nao wamepata mtoto wao wa kumtenga. Tauni imehama kwa August, imekwenda kwa Julian. Mchezo ni ule ule.

Bibi Palacio aliiona hatari hiyo. Mwaka 2014 alitoa hadithi nyingine fupi ambayo ndani yake Julian alipewa zamu yake ya kusema. Julian hakusafishwa. Makosa yake yote yamo, pamoja na barua za matusi alizomwandikia August. Lakini twamwona pia akiteswa na ndoto za kutisha usiku, na twawaona wazazi wake wakimtetea hata pale ambapo angepaswa kurudiwa. Baadaye apelekwa Paris kwa nyanya yake. Bibi huyo ni Myahudi, na amsimulia mjukuu habari za utoto wake Ufaransa ilipokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Kulikuwa na mvulana aliyepooza kwa polio, akitembea kwa magongo, ambaye watoto wa shule walimwita Kaa. Nyanya naye alikuwa miongoni mwa waliomwepuka. Siku Wayahudi walipokuja kukamatwa, mvulana huyo ndiye aliyemficha ghalani na kumwokoa. Kisikiapo kisa hicho, moyo wa Julian wavunjika, naye amwandikia August barua ya kuomba radhi.

Angalieni ni nani aliyemgeuza Julian. Wakubwa wengi walikuwa wamekwisha kumkaripia, asigeuke. Aligeuzwa na mtu ampendaye, aliyekubali kumwambia: mimi pia nilifanya.

Neno hilo ndilo gumu kuliko yote. Huko Finland, mwaka 1996, Bibi Christina Salmivalli na wenzake walitoa uchunguzi wao juu ya uonevu madarasani. Walionyesha kwamba kisa cha uonevu hakina watu wawili tu. Wako wanaomsaidia mwonevu, wako wanaocheka na kumtia ari, wako wanaojitenga wakanyamaza, na wako wanaomtetea anayeonewa. Darasa karibu zima limo ndani. Lakini mwulize mtoto aliyemaliza kusoma Wonder yeye angekuwa nani, naye atasema upesi kwamba angekuwa Summer. Mara chache utampata asemaye angekuwa mmoja wa wale waliokimbilia bomba kunawa.

Sisi wenyewe hatuna haki ya kujitoa. Tulipokuwa katika shule ya bweni ya misheni, alikuwapo mwenzetu mwenye kigugumizi. Kila jioni bwaloni, alipotajwa jina lake, wakubwa wawili walimwigiza akijitahidi kuitika. Hatukumwigiza, wala hatukumpiga. Tulicheka tu, kisha tukainama tukala uji wetu. Muhula uliofuata hakurudi. Mwalimu hakutuuliza kitu, kwa kuwa hatukuwa na kosa katika daftari lolote. Miaka mingi imepita, na wale wawili tumewasahau sura. Kicheko chetu hatukukisahau.

Kwa hiyo twawaomba walimu, wanapowapa vijana kitabu cha namna hii, kiwe hiki au kingine, wasitosheke na machozi yao. Kumlilia mtoto wa kitabuni ni jambo jepesi, kwani hatuombi nafasi mezani petu. Mwalimu na awatake wanafunzi waandike, kila mmoja kwa siri na bila kutaja jina la mtu, siku moja aliyocheka pasipofaa kucheka. Naye aanze kwa kuwasomea lake. Wazazi nao, waambiwapo kwamba mtoto wao amemwonea mwenziwe, wasikimbilie kumtetea kama walivyofanya wazazi wa Julian.

Hapana shaka katika darasa lolote yupo August, ingawa pengine uso wake hauna ila, na kilema chake ni kigugumizi, au sare iliyochakaa, au ufukara wa nyumbani kwao. Naye hana haja kubwa na bango. Anangoja saa ya chakula, aone kama yupo atakayeinuka.