Pikapu ikizima kwenye foleni ya mpakani, usikimbilie bisibisi

Foleni ya Malaba haina huruma kwa gari la kabureta. Magari husogea kidogo, yakasimama, yakasogea tena, na pikapu iliyotoka Mombasa bila tatizo huanza kutetemeka na kuzima kila dereva anapoinua mguu kwenye mafuta. Aliyepakia nyanya au samaki hujikuta akisukuma gari huku mzigo ukiharibika.

Peugeot 504 ni mfano mzuri. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na pikapu zake ziliungwa Mombasa. Zilizobaki bado zinabeba mizigo, lakini kabureta yake haina kompyuta ya kupima hewa. Inatoa petroli kama ilivyopangwa na fundi.

Hapo ndipo safari ndefu inapoleta shida. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Timboroa ni juu zaidi. Kabureta iliyopangwa pwani huko hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: moshi mweusi hutoka, plagi hupata masizi na injini huzima ikiachiwa mafuta.

Hata hivyo, si kila injini inayozima inahitaji kukazwa au kulegezwa skrubu. Kinachotangulia ni ukaguzi: chujio la hewa, plagi, pointi za distributa, na choki kama inafunguka yote injini ikipata moto. Kisha tundu dogo linalopitisha petroli gari likiwa limesimama. Likiziba kwa uchafu wa petroli, injini huzima kwenye foleni lakini huvuta vizuri mbio zikiongezeka. Tundu hilo husafishwa kwa upepo wa kompresa; waya hulipanua.

Hatari kubwa zaidi ni hewa inayoingia kwa njia ya wizi, kupitia gasketi iliyo chini ya kabureta au mpira uliopasuka. Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio injini ikiwaka. Mlio ukibadilika, pamevuja hapo. Kagua hasa mpira mnene unaokwenda kwenye sevo ya breki. Ukipasuka, injini hutetemeka na pedeli ya breki huwa ngumu. Fundi akiongeza mafuta kwa skrubu tu, mtetemeko unaweza kupungua, lakini gari litateremka milima ya Bonde la Ufa likiwa na mzigo na breki dhaifu.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo bisibisi itumike, injini ikiwa moto. Hesabu kwanza mizunguko hadi skrubu ya mchanganyiko iguse mwisho, bila kuikaza kwa nguvu kwa sababu ncha yake huharibika. Irudishe ilipokuwa, washa injini, kisha izungushe polepole upande huu na ule hadi mlio utulie, na umalizie kwa skrubu ya mwendo.

Idadi ya mizunguko ya mwanzo iandikwe kwenye daftari la safari. Wakati wa kurudi pwani hewa itakuwa nzito tena, na kabureta iliyobanwa milimani itakuwa na petroli pungufu.