Maji ya Ubongo na Hospitali ya Mbale

Tabibu mashuhuri wa Andalusi, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013 akaacha nyuma yake kitabu kikubwa cha utabibu kiitwacho Kitab al-Tasrif, alieleza humo habari za mtoto aliyemwona kwa macho yake, ambaye kichwa chake kilikuwa kikijaa maji na kukua siku baada ya siku, hata akashindwa kuketi kwa uzito wake, na mwisho akafa. Al-Zahrawi hakuwa mtu wa kuogopa kisu. Alibuni vyombo vingi vya upasuaji na kuvichora kitabuni ili wanafunzi wake wavitambue kwa sura na kwa kazi. Lakini juu ya maradhi haya, pindi maji yanapokuwa ndani ya fuvu, hakuona ila vifo, akahukumu ya kuwa ni heri tabibu asiyaguse. Hukumu hiyo, pamoja na ukali wake, ilikuwa ya insafu, na kwa takriban miaka mia tisa baada yake hakutokea mtu wa kuitengua.

Maradhi hayo ndiyo ambayo kwetu yajulikana kwa jina la kichwa kikubwa, na aghalabu hutajwa pamoja na mgongo wazi, kwa kuwa mtoto mmoja aweza kuzaliwa na yote mawili. Ili tuelewe yatokavyo, yatupasa kwanza tujue ya kuwa ubongo wa binadamu haukukaa mkavu ndani ya fuvu, bali waelea katika maji safi mfano wa maji ya kunywa, na maji hayo hutengenezwa ndani ya ubongo wenyewe, katika vyumba vinne vilivyoungana kwa njia nyembamba, na vishada vidogo vya mishipa ya damu vilivyo katika vyumba hivyo. Mtu mzima hutengeneza kadiri ya nusu lita kwa siku, ilhali maji yaliyomo ndani yake kwa wakati wowote hayazidi sana mililita 150. Maana yake ni kwamba maji yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kati ya alfajiri na alfajiri. Hebu na tufikiri nyumba iliyojengwa juu ya chemchemi, yenye mlango mmoja mwembamba wa kutolea maji: mlango ukizibika, chemchemi haina habari, yaendelea kububujika, na kitakachotanuka ni kuta.

Kwa mtu mzima kuta hizo ni mfupa mgumu usiotanuka, na kwa hiyo ubongo hubanwa upesi, akaumwa kichwa, akatapika, akapoteza fahamu. Mtoto mchanga ana fuvu ambalo mifupa yake haijaungana bado, nalo hukubali kutanuka. Utosi hutuna, mishipa ya damu huonekana wazi chini ya ngozi ya kipaji, na macho huelekea chini hata weupe ukaonekana juu ya mboni. Kutanuka huko humpa mtoto muda, lakini muda huo ni wa hadaa, kwani kila wiki ipitayo ubongo wazidi kuwa mwembamba chini ya fuvu linalokua, na yale yaliyokwisha kupotea, ya kuona, ya kutembea na ya akili, hayarudi yote hata maji yakiondolewa.

Mgongo wazi nao asili yake ni ya mapema zaidi. Uti wa mgongo huanza kama utando bapa ambao hujikunja ukawa mfereji, na mfereji huo hufunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Usipofunga sehemu fulani, mtoto huzaliwa na kidonda au uvimbe mgongoni, mishipa ya fahamu ikiwa nje, na madaktari hupenda kuifunika katika saa 48 za kwanza kabla vijidudu havijapanda kwenda ubongoni. Isitoshe, kwa watoto wengi wa namna hii sehemu ya nyuma ya ubongo huwa imeshuka hata shingoni, jambo lililoelezwa na mwanachuoni Hans Chiari wa Prague mwaka 1891, na huko kushuka ndiko kunakoziba njia ya maji. Ndiyo sababu mgongo hufungwa leo, na kesho kichwa kikaanza kukua.

Miongoni mwa waliothubutu kuivunja hukumu ya al-Zahrawi walikuwa Waamerika. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Chicago, L'Espinasse, ambaye kazi yake hasa ilikuwa njia za mkojo, alichukua darubini ya kutazamia kibofu akaiingiza katika ubongo wa watoto wawili, akaviunguza vile vishada vitengenezavyo maji. Mmoja alikufa pale pale, wa pili akaishi miaka kadhaa. Walter Dandy wa Baltimore akafuata njia hiyo mwaka 1918 kwa kuvikata vishada, na 1922 akafungua fuvu ili atoboe njia mpya ya maji. Mwaka 1923 William Mixter wa Boston akatoboa njia kama hiyo kwa darubini, bila ya kufungua fuvu zima. Fikra zao zilikuwa sawasawa kabisa. Kilichopungua kilikuwa ni mwanga na vioo, kwa maana darubini za siku hizo zilikuwa na kiza, na aliyetazama ndani yake aliona kidogo na kukisia kingi. Watoto wengi wakafa, na njia ile ikaachwa.

Badala yake ukaja mrija. Mwaka 1949 huko Philadelphia, Frank Nulsen na Eugene Spitz waliutia mrija wenye vali katika mwili wa mtoto, ili maji ya ubongo yamwagike katika damu na yasirudi. Baadaye ikaonekana ni bora zaidi kuyapeleka tumboni, ambako mwili huyanyonya. Historia ya vali hizo yastahili kusimuliwa kwa sababu baadhi ya waliozitengeneza hawakuwa waganga. John Holter alikuwa fundi wa mitambo, baba wa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa, naye mwaka 1956 akabuni vali ya silikoni iliyoenea duniani. Mwingine ni mwandishi wa hadithi za watoto, Roald Dahl, ambaye wasomaji wa Dar es Salaam wana haki ya kumkumbuka, kwani kabla ya Vita Kuu ya Pili alikuwa hapa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Mwanawe mchanga aligongwa na teksi mjini New York mwaka 1960, akajaa maji kichwani, na mrija aliotiwa ukawa unaziba kila mara. Dahl akamwendea Stanley Wade, fundi wa vipampu vya ndege ndogo za kuchezea, na daktari Kenneth Till wa London, na watatu hao wakatengeneza vali isiyoziba kwa urahisi. Vali ilipokuwa tayari mtoto mwenyewe alikuwa hana haja nayo tena, nao wakaitoa kwa wengine bila ya kutaka faida.

Basi mrija uliokoa maelfu kwa maelfu, na hata leo wawaokoa. Asije mtu akaudharau. Ila una aibu moja ambayo katika miji ya Ulaya haionekani kuwa kubwa. Mrija huziba, hukatika, huingia vijidudu. Hata katika hospitali bora za Marekani, kati ya watoto kumi wanaotiwa mrija, karibu wanne huwa wameharibikiwa kabla ya mwaka kwisha. Mtoto wa Boston ambaye mrija wake umeziba usiku hufikishwa hospitalini kabla ya asubuhi. Mtoto wa kijiji kilicho mbali na lami, ambaye mamaye lazima auze kuku apate nauli, na mto umefurika, na daktari wa ubongo yuko safari ya siku mbili, mrija ukiziba kwake ni hukumu ya mauti. Kwa hiyo tiba ile ile moja, iliyofanywa kwa ustadi ule ule, ni salama mahali pamoja na ni hatari mahali pengine, na tofauti yake haimo katika kisu wala katika mkono wa mpasuaji, imo katika barabara.

Neno hilo lilieleweka vema zaidi katika mji wa Mbale, ulio chini ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, ambako hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa mwaka 2001, na daktari Mmarekani Benjamin Warf akawa mpasuaji wake wa ubongo. Jambo la kwanza aliloligundua lilikuwa la kusikitisha: zaidi ya nusu ya watoto wenye kichwa kikubwa waliomfikia hawakuzaliwa nacho, bali walikipata baada ya homa kali ya siku na majuma ya mwanzo ya uhai, iliyoacha makovu katika njia za maji. Jambo la pili lilikuwa la gharama. Alilinganisha mrija wa Kihindi wa dola 35 na mrija wa Kimarekani wa dola 650 kwa watoto 195, na baada ya mwaka hakuona tofauti baina ya huu na huu. Nathubutu kusema ya kuwa hesabu hiyo moja ingetosha kumpa mtu heshima, maana hospitali nyingi zetu zina ugonjwa wa kuamini kwamba kilicho ghali ndicho kinachoponya.

Lakini Warf hakuishia kwenye mrija wa bei rahisi. Alirudia fikra za Dandy na L'Espinasse, akaziunganisha, akiwa sasa na darubini nyembamba yenye mwanga mkali. Hupitisha darubini katika utosi ulio wazi wa mtoto, akashuka hata chumba cha tatu cha ubongo, akatoboa tundu dogo katika sakafu yake ili maji yapate njia nyingine. Kisha, kabla hajatoka, akaviunguza vishada vya vyumba vya pembeni, ili maji yenyewe yatengenezwe kwa uchache. Hakuna kitu kinachobaki mwilini, na kwa hiyo hakuna kitu cha kuziba baada ya miaka mitano. Kwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47, na kutoboa pamoja na kuunguza kukafaulu kwa asilimia 66. Mwaka 2012 Warf alipewa tuzo ya MacArthur huko kwao, na madaktari wa Boston na Toronto wakawa wanajifunza jambo lililokomazwa Mbale. Twazoea kuona elimu ikisafiri kuja kwetu. Mara hii ilisafiri kwenda.

Ikhtilafu ilizuka, na ilikuwa ya haki. Wengine walihofu kwamba kwa kuwa vyumba vya ubongo havipungui sana baada ya tiba hii kama vinavyopungua kwa mrija, ubongo wa mtoto hautakua vema. Swali hilo likapimwa Mbale penyewe: watoto 100 wasiozidi miezi sita wakagawanywa kwa kura, nusu kwa mrija, nusu kwa darubini, na matokeo yakatangazwa mwishoni mwa 2017. Baada ya mwaka mmoja akili za makundi mawili hazikuonyesha tofauti ya maana. Darubini ilishindwa kwa asilimia 35 ya watoto na mrija kwa asilimia 24, lakini kwa idadi ile ndogo tofauti hiyo haikuweza kuhesabiwa kuwa ya hakika. Na kushindwa kwa darubini huonekana mapema, mtoto akiwa bado karibu, ilhali kushindwa kwa mrija hungoja, na huweza kungoja hata mtoto aanze shule. Wapo watoto ambao makovu yao ni mengi mno na darubini haiwafai, na hao mrija ndio wokovu wao.

Tanzania nayo ina mlango wake. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndiyo kwa miaka mingi imekuwa kimbilio la wazazi wa watoto hawa kutoka pembe zote za nchi, na wodi yake haikosi akina mama waliosafiri mbali. Huko Haydom, mkoani Manyara, Mmarekani Dilan Ellegala alifanya jambo lililowashtua wengi: tangu mwaka 2006 alimfundisha Emmanuel Mayegga, ambaye hakuwa daktari kamili, kufanya upasuaji wa ubongo, kwa hoja ya kwamba mgeni anayepasua kisha akaondoka ameacha pengo kama alivyolikuta. Wako waliolaumu, mimi naona lawama ingekuwa na nguvu zaidi kama ingalikuwako njia nyingine kwa mgonjwa wa Haydom.

Hata hivyo mpasuaji huja mwisho. Mama hufika amechelewa, kwa kuwa kabla yake amekwisha kuambiwa na majirani kwamba mtoto ameingiliwa na shetani, au kwamba ni adhabu ya kosa la ukoo, na mara nyingi mume ameondoka nyumbani. Futi kamba ya mshonaji, ikizungushwa kichwani mwa mtoto kila aendapo kliniki, ingeokoa miezi: kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa siku zake hukaribia sentimita 35, na katika miezi mitatu ya kwanza hukua kadiri ya sentimita mbili kwa mwezi.

Kuhusu ile homa ya watoto wachanga, wataalamu walitangaza mwaka 2020 kwamba katika maji ya ubongo ya watoto wa Uganda wamekuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambao vipimo vya kawaida vya maabara havikuwa vikiwaonyesha. Wangali wanatafuta njia wanayopita kumfikia mtoto. Kuhusu mgongo wazi, Wazungu na Waamerika wamekwisha kufika hata kumpasua mtoto akiwa tumboni kabla ya juma la 26, na matokeo yaliyotangazwa 2011 yalionyesha haja ya mrija ikishuka kutoka asilimia 82 hadi 40, ingawa kwa hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake. Ni kazi ya ajabu, na gharama yake ni ya ajabu vilevile. Lakini tangu 1991 yajulikana, kwa uchunguzi uliofanywa chini ya uongozi wa Waingereza katika nchi kadhaa, kwamba asidi ya foliki, ikiliwa kabla ya mimba kutungwa, ilizuia karibu robo tatu ya mgongo wazi kwa akina mama waliowahi kumzaa mtoto mwenye dosari hiyo. Tanzania na Kenya zimeweka sheria ya kuwataka wenye viwanda waitie katika unga, na viwanda vikubwa hutia. Ila sembe na dona wanayokula watu wengi husagwa katika mashine ya mtaani, ambayo sheria haiifikii. Vidonge hutolewa kliniki, na mwanamke huenda kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu au minne, wakati mfereji wa uti wa mgongo wa mwanawe umekwisha kufunga, au umekwisha kukosa kufunga, tangu juma la nne.