Je, Wajua? Msimu ubingwa ulipohamia Chamazi

Mkazi wa Kurasini hahitaji redio kujua kuwa leo kuna mechi Kwa Mkapa. Foleni ya Kilwa Road inatosha kumwambia. Siku ya Simba na Yanga, pale Uhasibu, malori ya makontena yanayotoka bandarini yanakwama bega kwa bega na daladala za Mbagala, na katikati yake wanapenya vijana wa jezi: huyu ana rundo jekundu begani, yule la kijani na njano, na bei inabadilika kadiri saa ya mechi inavyosogea. Ukimsikiliza muuza mahindi ya kuchoma wa hapo utadhani nchi hii ina timu mbili tu. Lakini msimu wa 2013/14 ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara uliwapita wote wawili, ukateremka na barabara hiyohiyo ya Kilwa: Sabasaba, Mtoni kwa Azizi Ally, Mtongani, Rangi Tatu, mpaka Chamazi.

Je, wajua kuwa Simba na Yanga, pamoja na kelele zote wanazopiga Temeke, makao yao hayako Temeke? Wote ni watu wa Kariakoo, wilaya ya Ilala. Simba ni Msimbazi, Yanga ni makutano ya Twiga na Jangwani. Uwanja mkubwa uliofunguliwa 2007, wenye nafasi ya watu 60,000, ni mali ya serikali. Msimu tunaouzungumzia ulikuwa bado ukiitwa Uwanja wa Taifa, na jina la Benjamin Mkapa ulipewa 2020, mwaka aliofariki rais huyo wa awamu ya tatu. Azam FC ndiyo yenye nyumba yake ndani ya Temeke, uwanja wake yenyewe pale Chamazi, ulioanza kutumika 2010. Ilianza kama timu ya wafanyakazi wa kampuni ya Said Salim Bakhresa, mfanyabiashara wa Kizanzibari aliyeanzia kwenye mgahawa mdogo na sasa anauza unga, juisi na ile aiskrimu inayopita mitaani kwa baiskeli zenye muziki. Ndiyo maana mashabiki wa timu wanaitwa Wanalambalamba. Ilipanda Ligi Kuu 2008.

Je, wajua kuwa Azam ilichukua ubingwa huo bila kufungwa mechi hata moja? Timu zilikuwa 14, kila moja ikicheza mara 26. Azam ilishinda 18, ikatoka sare 8, ikafikisha pointi 62. Yanga, bingwa mtetezi, ilikuwa ya pili kwa pointi 56. Na Simba? Ya nne, kwa pointi 38. Kati ya Chamazi na Msimbazi kulikuwa na pengo la pointi 24, na hapo watani walipata maneno ya kuwarushia Wekundu kwa muda mrefu.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba timu zote tatu zilibadili kocha katikati ya safari. Simba iliachana na Abdallah Kibadeni, ikamleta Zdravko Logarusic wa Croatia. Yanga ilimwondoa Ernie Brandts baada ya kichapo cha 3-1 kutoka kwa Simba kwenye mechi ya Mtani Jembe, iliyochezwa nje ya ligi Desemba 2013, akaja Mholanzi mwenzake, Hans van der Pluijm. Azam nao waliagana na Mwingereza Stewart Hall mwisho wa mzunguko wa kwanza, wakamchukua Joseph Omog wa Cameroon, ambaye mwaka 2012 alikuwa ameipa AC Léopards ya Congo Brazzaville Kombe la Shirikisho Afrika. Kubadili kocha katikati ya msimu mara nyingi ni dalili ya nyumba kuungua. Kwa Azam, timu haikupoteza mechi chini ya Hall wala chini ya Omog. Mimi naona hapo ndipo ubingwa ulipokuwa, kwa sababu kambi iliyotulia inaweza kumpokea mgeni bila kuyumba. Na kwenye benchi hilo alikuwepo Kali Ongala, kocha msaidizi na mchezaji wa zamani wa Yanga na Azam. Baba yake ni yule yule Remmy Ongala wa muziki wa dansi.

Sasa tuingie Taifa, Oktoba 20, 2013. Yanga inaongoza 3-0 mpaka mapumziko. Mrisho Ngassa kafungua, Hamis Kiiza wa Uganda kaongeza mawili. Upande wa Simba kuna waliokwisha kunyanyuka na kurudi zao nyumbani, wakiwahi usafiri kabla foleni ya Uhasibu haijafunga. Kibadeni, ambaye bado alikuwa kocha wakati huo, akaingiza vijana wawili, Said Ndemla na William Lucian. Kipindi cha pili Betram Mwombeki akarudisha la kwanza, dakika chache baadaye Joseph Owino akaweka la pili, na dakika ya 85 Gilbert Kaze akasawazisha. Ikaisha 3-3. Waliotoka mapema walisikia kelele wakiwa barabarani, na hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo kwa shabiki aliyelipa kiingilio. Kibadeni mwenyewe si mgeni wa mechi hizi: Julai 1977, akiwa mchezaji, alifunga mabao matatu Simba ilipoibamiza Yanga 6-0, na mpaka leo jina lake ndilo linalotajwa kwanza ukiuliza habari ya hat-triki kwenye mechi ya watani.

Tamasha lote hilo, pointi moja kwa kila timu. Mwezi mmoja kabla, kwenye uwanja uleule, Azam ilikuwa imeifunga Yanga 3-2, bao la ushindi likiwekwa dakika za mwisho kabisa na kijana Joseph Kimwaga aliyetoka kwenye kituo chao cha vijana. Vijiweni watu wanaikumbuka ile 3-3. Ukiniuliza mimi, msimu uliamuliwa na hii 3-2.

Je, wajua kuwa Azam haikutangaziwa ubingwa Dar es Salaam? Ilikuwa Mbeya, Aprili 13, 2014, Uwanja wa Sokoine, tena mbele ya wenyeji Mbeya City ambao msimu huo walikuwa hawashikiki nyumbani. Gaudence Mwaikimba akafunga la kwanza, Mwagane Yeya akasawazisha, John Bocco akamaliza kazi: 2-1. Azam ikafika pointi 59 na mechi moja mkononi, na Yanga hata wangeshinda yao ya mwisho wasingezifikia. Bocco ndiye aliyefaa kufunga bao hilo, maana alikuwa na timu tangu ikihangaika madaraja ya chini.

Mbeya City wanastahili aya yao. Timu ya halmashauri ya jiji, imeanzishwa 2011, imepanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza msimu uleule, kocha mzawa Juma Mwambusi, jezi za zambarau, na mashabiki wanaoifuata kila mkoa. Ikamaliza ya tatu kwa pointi 49, juu ya Simba. Wazee wa Mbeya, hata hivyo, hawakushangaa sana. Mwaka 1986 Tukuyu Stars kutoka Rungwe ilipanda daraja na mwaka huohuo ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara.

Je, wajua kuwa mkasa kama wa Tukuyu uliwahi kutokea Bulgaria? Kule nako soka ni habari ya watani wawili wa mji mkuu, CSKA na Levski wa Sofia. Msimu wa 2011/12 ikapanda timu iitwayo Ludogorets kutoka Razgrad, mji mdogo wa kama watu 30,000 hivi, ambao wote wangeingia Kwa Mkapa na nusu ya viti vikabaki. Nyuma yake yuko tajiri wa kampuni za dawa za mifugo, Kiril Domuschiev. Mechi ya mwisho ya ligi ikawakutanisha na CSKA, vinara kwa pointi 2. Ludogorets ikashinda 1-0 na kuchukua ubingwa kwa tofauti ya pointi 1, msimu wake wa kwanza kabisa Ligi Kuu. Azam walihitaji misimu sita kufanya hivyo, na kabla yake walimaliza wa pili mara mbili mfululizo, 2011/12 na 2012/13.

Ludogorets hao ndio waliotoa kisa kimoja ambacho kijiweni ukikisimulia utaambiwa umekitunga. Agosti 2014, miezi minne baada ya ubingwa wa Azam, walikuwa wakiwania nafasi ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Steaua ya Romania. Bao la dakika ya 90 likaipeleka mechi muda wa nyongeza. Dakika ya 119 kipa wao akala kadi nyekundu, na nafasi za kubadili wachezaji zimekwisha. Beki Cosmin Moti, ambaye naye ni Mromania, akavaa glovu. Akapiga penalti ya kwanza yeye mwenyewe, akafunga, kisha akasimama golini na kupangua mbili. Ludogorets ikapita. Jukwaa moja la uwanja wao limepewa jina lake.

Turudi nyumbani, kwa mfungaji bora. Kiatu cha msimu wa 2013/14 kilikwenda kwa Mrundi Amissi Tambwe, mabao 19, akiwa na Simba iliyoshika nafasi ya nne. Desemba 2014 Simba ikamwacha. Akavuka mtaa tu, akasaini Yanga, na msimu wa 2015/16 akawa mfungaji bora tena kwa mabao 21, safari hii akiwa na medali ya ubingwa. Mashabiki wa Simba wakubwa kwa wadogo wanaijua hesabu hii, na si vizuri kuwakumbusha wakiwa wanakula.

Walioshuka daraja walikuwa watatu: Ashanti United ya Ilala, JKT Oljoro ya Arusha na Rhino Rangers ya Tabora. Ashanti na Rhino walikuwa wamepanda pamoja na Mbeya City. Mlango mmoja, na ndani ya miezi tisa mmoja yuko wa tatu na wawili wamerudi walikotoka.

Je, wajua kuwa ubingwa bila kufungwa una wenyewe watatu katika karne hii? Simba ndiyo iliyotangulia, 2009/10, chini ya Mzambia Patrick Phiri. Azam ikafuata. Yanga ikaja 2021/22, mechi 30, pointi 74, chini ya Nasreddine Nabi, na mwendo wao wa kutofungwa ukafika mechi 49 kabla Ihefu haijawatungua 2-1 huko Mbarali, Novemba 29, 2022. Kuna kiungo mmoja aliyepita kwenye vikosi viwili kati ya hivyo vitatu: Salum Abubakar, Sure Boy. Alikuwa Azam 2013/14, akahamia Yanga Desemba 2021, akatwaa ubingwa wa pili wa maisha yake usio na kipigo. Jina hilo la Sure Boy amelirithi kwa baba yake, Abubakar Salum, ambaye naye alicheza Yanga.

Kisa cha Sure Boy kinaelekeza kwenye swali ambalo watu wa Temeke huuliza: mbona Azam haikurudia? Haikuwa dhaifu ghafla. Mwaka 2015 ilitwaa Kombe la Kagame bila nyavu zake kuguswa mechi zote, fainali ikiifunga Gor Mahia ya Kenya 2-0. Lakini mwaka 2017 Simba ilifika Chamazi na begi la pesa, ikaondoka na John Bocco, kipa Aishi Manula, Erasto Nyoni na Shomari Kapombe. Watatu wa kwanza walikuwa kwenye kikosi kile cha 2013/14. Msimu uliofuata Simba ikawa bingwa, na ikaendelea kuwa bingwa mara nne mfululizo. Chamazi ililea, Msimbazi ikavuna, na baadaye Jangwani nao wakapata fungu lao. Ludogorets, wao, waliziba mlango, na kufikia 2025 walikuwa wamebeba ubingwa wa Bulgaria mara 14 mfululizo. Utawala huo nao una kasoro yake, maana ligi yenye bingwa yuleyule kila mwaka haina tofauti kubwa na yenye mabingwa wawili wanaopokezana.

Kabla ya Azam, timu ya mwisho kuwavua Simba na Yanga ubingwa wa Bara ilikuwa Mtibwa Sugar, miwa ya Turiani, mwaka 1999 na 2000. Nyuma zaidi kuna Cosmopolitan 1967, Mseto ya Morogoro 1975, Pan African 1982, Tukuyu 1986 na Coastal Union ya Tanga 1988. Kwa hiyo anayewaambia watoto kuwa ubingwa haujawahi kutoka Kariakoo anawadanganya.

Na baada ya Azam? Kuanzia 2014/15 hadi 2024/25 imechezwa misimu 11. Yanga imechukua 7, Simba 4. Timu nyingine zote za Tanzania Bara, Azam ikiwemo, 0.