Lubumbashi: Kabla ya kubomoa jiko, familia ijue kwanza inavyopika

Karo nyeupe ukutani, sinki inayong'aa, makabati ya mbao yenye vioo. Hatua kumi kutoka hapo, nje, chini ya ukingo wa bati, mbabula mbili zinawaka na chakula cha nyumba nzima kinaivia juu yake. Ni hali inayoonekana katika malupango mengi ya Lubumbashi: jiko jipya limejengwa ndani kwa pesa nyingi, lakini bukari unaendelea kupikwa uani, wakati wa jua na wakati wa mvua.

Si kwamba mama wa nyumba anakataa kitu kizuri. Jiko hilo lilichorwa kwa kufuata picha ya nyumba nyingine, ambamo watu wanne wanapika kwa umeme usiokatika, katika sufuria ndogo, na maji yanatoka bombani wakati wowote. Familia iliyolipa fundi ni ya watu tisa, inapika kwa makala, inaweka maji katika bidoni, na mara mbili au tatu kwa mwaka inapokea wageni wa matanga au ubatizo. Nyumba imepata jiko la kuonyesha wageni, na mpishi amebaki na moshi wake.

Moshi huo si jambo dogo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, OMS, watu karibu bilioni 2.1 duniani wanapika kwa moto wa wazi au kwa majiko duni. Shirika hilo linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Wanaovuta moshi huo zaidi ni wale wanaokaa karibu na moto: mama, msichana anayemsaidia, na mtoto aliyebebwa mgongoni.

Ndiyo maana, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti, kuna kazi moja isiyogharimu hata faranga: kuangalia kwa wiki nzima namna nyumba inavyopika kweli.

Anayelipa si anayepika

Mara nyingi baba ndiye anayezungumza na fundi. Wanakubaliana juu ya urefu wa ukuta, rangi ya karo na siku ya kumaliza. Anayepika kila siku huonyeshwa jiko likiwa limekwisha. Hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa.

Daftari la mtoto wa shule linatosha kuzuia kosa hilo. Kwa siku saba, yaandikwe mambo machache: nani amepika, saa ngapi, kwa moto gani, kwa watu wangapi, na sufuria kubwa zaidi ilikuwa ya ukubwa gani. Yaandikwe pia maji yaliyotumika, yamebebwa kutoka wapi, na mara ngapi mpishi aliondoka motoni kwenda kutafuta kitu: chumvi ndani ya nyumba, makala nyuma ya choo, kisu kwa jirani.

Wazo la kuhesabu hatua za mpishi si geni. Mwaka 1926, msanifu Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Austria, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt, Ujerumani, baada ya kuchunguza muda na mwendo wa kazi za nyumbani. Jiko hilo lilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na takribani 10,000 yalijengwa. Kila kitu kilikuwa karibu na mkono. Lakini lilimfaa mtu mmoja tu. Wawili hawakuweza kufanya kazi pamoja humo bila kusukumana. Kwa nyumba ya Katuba au Ruashi, ambapo mmoja anavuga bukari, mwingine anachambua matembele na wa tatu anaosha sahani, jiko kama hilo lingekuwa adhabu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi lisiwe jiko litakuwa na sura gani, bali watu wangapi watasimama humo kwa wakati mmoja.

Moto ndio unaopanga jiko

Familia nyingi za Lubumbashi hazitumii moto wa aina moja. Makala ndiyo ya kila siku. Umeme wa Snel ukirudi, hata kama ni usiku wa manane, maharagi yanawekwa juu ya jiko la umeme ili asubuhi yawe yameiva. Wenye uwezo wanaongeza chupa ya gesi kwa ajili ya chai na mayai. Jiko linalopangwa kwa moto mmoja tu litaachwa siku moto huo utakapokosekana.

Makala yanadai hewa kuliko vyote. Yanapowaka yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, ambayo haionekani wala hainuki. Kila majira ya baridi, mwezi wa 6 na wa 7, kuna kishawishi cha kuingiza mbabula chumbani ili kupata joto; na mvua zinapoanza, kuanzia mwezi wa 11, mbabula inaingizwa sebuleni kwa sababu uani hakuna paa. Katika nyumba iliyofungwa, hewa hiyo inaweza kuua watu wakiwa usingizini.

Kwa familia inayotegemea makala, jibu la busara mara nyingi si jiko la ndani. Ni jiko la nje lililojengwa vizuri: paa imara, kuta mbili au tatu, na upande mmoja ulio wazi. Pale ambapo kuta ni nne, yawepo matundu chini upande mmoja na mengine juu upande wa pili, kwa sababu hewa ya moto hupanda na inahitaji hewa baridi ya kuisukuma. Nafasi kati ya ukuta na bati isizibwe. Chimni iliyo juu ya mahali pa moto inasaidia zaidi, mradi itokeze juu ya paa.

Upande wa kujenga nao una maana. Wakati wa ukavu, pepo za Lubumbashi huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki. Jiko likiwekwa upande huo wa nyumba, moshi wote utaingia vyumbani. Asiyejua pande za upepo aangalie tu moshi wa jirani unaelekea wapi jioni, kwa siku kadhaa.

Chupa ya gesi ina sharti lake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja inatulia sakafuni. Tundu la chini ukutani ni la lazima, na chupa isikae karibu na mbabula.

Urefu wa mkono

Meza za jiko zinazouzwa tayari huwa na urefu wa sentimita 85 hadi 90. Urefu huo unafaa kukata nyanya. Kuvuga bukari wa watu tisa ni kazi nyingine: inataka nguvu ya mabega, na sufuria inapaswa kuwa chini ya kiwiko. Sufuria kubwa ikiwekwa juu ya meza ya sentimita 90, mpishi anainua mikono hadi kifuani na hana nguvu. Mbabula ikiwa sakafuni, anainama, na mgongo ndio unaolipa.

Suluhisho liko katikati, na fundi mwashi anaweza kulijenga kwa nusu siku: jukwaa la matofali lenye urefu wa sentimita 35 hadi 40, pana kiasi cha kutosha mbabula mbili, na uso wake ukiwa sawa kabisa. Kwa mbabula ya kawaida, mdomo wa sufuria utafika karibu na kiuno. Apimwe mtu anayepika zaidi, si fundi. Jukwaa hilo linawaepusha pia watoto wanaotambaa, ambao mbabula ya chini iko kwenye usawa wa uso wao. Kando yake ibaki nafasi ya kuweka sufuria iliyoepuliwa, ili mtu asitembee na maji yanayochemka.

Mbabula yenyewe inaweza kubadilishwa bila kugusa ukuta. Zile zilizotiwa udongo wa kuchoma ndani ya bati hutunza joto na kula makala machache. Makala ya Lubumbashi yanatoka katika misitu ya miombo, na yanafika mjini kwa malori na kwa baiskeli zilizopakiwa kupita urefu wa mtu. Mti unazidi kuwa mbali na mji, na safari hiyo inaonekana katika bei ya mfuko.

Maji, unga na kinu

Sinki nzuri bila maji ni sanduku la kuwekea vyombo vichafu. Kama maji ya Regideso hayafiki kila siku, au familia inategemea kisima, jiko lipangwe kwa ajili ya bidoni. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20; kila hatua inayopunguzwa kati ya mlango na mahali pa kumimina ni nafuu kwa msichana anayeibeba. Pipa lenye bomba dogo, likiwa juu ya msingi wa matofali, linatoa maji ya kunawa na kuosha bila kuinama. Kinachosahauliwa zaidi ni njia ya maji kutoka: mfereji wenye mteremko unaoelekea kwenye shimo, si kwenye ukuta wa jirani.

Akiba nayo ihesabiwe. Mfuko wa unga wa kilo 25 hauingii katika kabati la ukutani. Unahitaji ubao ulioinuliwa kutoka sakafuni, mbali na unyevu na panya. Makala yanahitaji pembe kavu yenye paa, kwa sababu makala yaliyolowa hutoa moshi mwingi na joto kidogo.

Kisha kuna kinu. Nyumba inayokula sombe inatwanga, na kutwanga kunavunja karo. Karo laini zina hatari nyingine: zikimwagikiwa mafuta au maji, mtu anateleza akiwa na sufuria mkononi. Sakafu ya simenti iliyopigwa vizuri bila kulainishwa sana inavumilia zaidi, na kinu kinapata nafasi yake nje, juu ya udongo.

Mama anayekaanga mikate ya kuuza asubuhi ana mahitaji yake pia. Kwake jiko ni mahali pa kazi kinachoilisha nyumba: linataka mlango unaoelekea upande wa barabara, meza ya kukandia, na taa ya saa kumi alfajiri. Na pale wapangaji wanapotumia uwanja mmoja, ni vizuri kukubaliana mapema nani anatumia jukwaa saa ngapi, kabla ukuta mpya haujageuka ugomvi wa lupango.

Waya kabla ya rangi

Jiko la umeme linavuta nguvu nyingi. Sahani moja pekee hufikia wati 1,000 hadi 2,000. Kuliunganisha kwenye waya mwembamba wa taa ni kutafuta moto. Kwa soketi za kawaida mafundi hutumia waya wa milimita mraba 2.5, jiko kubwa la umeme linahitaji wa milimita mraba 6, ukiwa na kikata umeme chake peke yake. Kazi hii ifanyike kabla ya kupiga plasta. Kuifanya baadaye ni kubomoa upya. Soketi ziwe mbali na maji, na friji ilindwe kwa regileta, kwa sababu umeme ukirudi baada ya kukatika huja wakati mwingine kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Pesa zikiwa chache

Familia nyingi hujenga kidogo kidogo, kila pesa zinapopatikana. Hilo si kosa, mradi mpangilio uwe sahihi. Kwanza paa na matundu ya hewa, kwa sababu vinagusa uhai. Pili jukwaa la moto na mfereji wa maji. Tatu waya. Nne mbao za akiba na meza. Karo, rangi na makabati ya vioo vinakuja mwisho. Jiko lisilo na karo linapika, lakini lenye karo bila hewa linaua.

Pesa za dharura zitengwe tangu mwanzo, kwani ukuta wa zamani ukifunguliwa huonyesha mambo ambayo hakuna aliyeyapangia: mchwa katika mbao, bomba lililooza, msingi uliopasuka.

Na kabla fundi hajafika, kuna jaribio moja la mwisho. Majivu ya mbabula yachukuliwe, na kwayo jiko jipya lichorwe chini, uani, kwa vipimo vyake vya kweli: ukuta hapa, mlango pale, jukwaa, bidoni, meza. Halafu familia ipike humo jioni moja, ndani ya mistari hiyo, kwa sufuria zake na kwa watu wake wote. Pale wawili wanapogongana, au mtoto anapopita kati ya moto na mpishi, mstari ufutwe kwa mguu na uchorwe upya. Mstari wa majivu unahamishwa bure. Ukuta wa simenti hauhamishwi hivyo.